Sahani ya Mchana Nayo Iingie Katika Mkataba



Katika matawi ninayoyatembelea hapa Uganda kuna michango miwili isiyokwisha. Mmoja ni wa mazishi. Wa pili ni wa mwenzetu aliyepooza upande mmoja, naye hata miaka 50 hajafika. Zamani tulizoea kumchangia aliyekatwa kidole na mashine au aliyeangukiwa na mzigo. Hao bado wapo na Chama bado kinawapigania. Lakini presha na ugonjwa wa sukari vimeingia viwandani na mashambani bila kupiga hodi, na sisi tungali twasema hayo ni maradhi ya matajiri wenye vitambi.

Presha haiumi. Mtu hupakia magunia asubuhi akipiga mluzi, jioni akaanguka. Njia ya kuijua ni kupimwa tu, na kipimo kikitoka 140 kwa 90 au zaidi kila mara, basi ugonjwa umo.

Natazama kwanza sahani. Katika kiwanda kimoja ninachokijua, chakula cha mchana ni mlima wa posho nyeupe, maharage ya kuhesabu na mchuzi wa chumvi. Mboga za majani huonekana Ijumaa, zikionekana. Saa kumi inakuja chai katika kikombe kikubwa, vijiko vinne vya sukari, na andazi. Wa zamu ya usiku huongeza soda ili asisinzie. Sasa tufanye hesabu kama tunavyohesabu saa za ziada. Kijiko kidogo cha sukari ni gramu 4 hivi. Vikombe viwili vya chai ya namna hiyo ni gramu 32. Soda ya mililita 300 ina gramu 30 hivi. Jumla zimepita 60, na andazi bado. Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri mwaka 1215 baada ya Hijra? La, mwaka 2015, kwamba sukari ya kutiwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Chumvi nayo isifike gramu 5, yaani kijiko kidogo kimoja kwa siku nzima, kwa vyakula vyote. Mpishi wa kantini huonja kwa ulimi wake mmoja, akatia chumvi ya watu 400.

Waajiri wakiambiwa haya hujibu kwamba chakula ni jambo la mtu na nyumba yake. Hapo wana nusu ya haki. Kikombe chako ni chako, na hakuna mkataba utakaokupunguzia vijiko. Punguza kimoja mwezi huu na kingine mwezi ujao, ulimi utazoea. Unga wa dona usiokobolewa unashibisha kuliko ule mweupe ambao pumba zake tunawapa kuku wanenepe. Dodo na sukuma huota hata kwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba za kambi, na wanaume tuache kusema kwamba majani ni chakula cha mbuzi.

Lakini sufuria ya kantini si ya mfanyakazi. Nusu saa ya kula, ambayo robo yake huishia kwenye foleni, si ya mfanyakazi. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo Namba 102 mwaka 1956, linalozungumzia vyumba vya kulia, mahali pa kupumzika na michezo kwa wafanyakazi. Pendekezo halimfungi mwajiri kama sheria, hilo tulijue tusije tukaaibishwa mezani. Hata hivyo ni fimbo ya kushika mkononi, na matawi mengi hayajaishika.

Sasa mwili wenyewe. Katika London, mwaka 1953, daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva hukaa siku nzima. Kondakta hupanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Watu wa kampuni moja na mji mmoja, lakini madereva walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi, na walikufa nao zaidi. Walipowachunguza watu wa posta, waligundua mambo yanafanana: wapeleka barua kwa miguu walikuwa salama kuliko makarani. Baadaye Morris alitazama hata saizi za sare, akakuta suruali za madereva ni pana zaidi kiunoni, tena tangu ujanani.

Kwetu, mtu akipandishwa kutoka kukata miwa akawa msimamizi wa mizani au mwendesha trekta, tunampongeza. Mshahara unaongezeka, miguu inastaafu. Huyo ndiye namwambia atembee kwa haraka nusu saa kwa siku, siku tano za juma. Hizo ni dakika 150, kiasi cha chini ambacho Shirika la Afya limekitaja kwa mtu mzima.

Mkata miwa na mchuma chai nisiwaambie wakimbie jioni, watanicheka, na watakuwa na haki. Mwaka 2018 wachunguzi wa Ulaya walikusanya tafiti nyingi wakaona kwamba wanaume wa kazi nzito walikuwa katika hatari ya kufa mapema kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao wa kazi nyepesi. Maelezo wanayoyatoa ni kwamba moyo wao hupigishwa mbio kwa saa nyingi bila kutulia, tofauti na mchezo ambao mtu hucheza akachoka akapumzika. Kwa hiyo dawa ya kijana wa mpira si dawa ya mbeba mizigo. Kwake afya ni mapumziko katikati ya zamu, maji safi na kivuli. Nyapara anayeyaita mapumziko uvivu asomewe habari hii.

Kigali tangu mwaka 2016 barabara hufungwa kwa magari Jumapili fulani, watu hukimbia na kupimwa presha na sukari bure. Uganda nayo ina siku ya taifa ya mazoezi tangu mwaka 2018. Ni vizuri, lakini ni siku moja katika mwaka, na mwenye zamu ya Jumapili haioni.

Mazungumzo ya mkataba wa hali bora yakifunguliwa, nataka matawi yetu yaweke mezani mboga kila siku, saa nzima ya chakula, kupimwa presha na sukari mara mbili kwa mwaka ndani ya saa za kazi, na majibu yawe siri ya mfanyakazi, yasitumiwe kumwachisha kazi. Hili la mwisho lisiachwe hata kwa nyongeza ya mshahara, maana bila hilo hakuna atakayenyoosha mkono apimwe. Na katibu wa tawi asiyejua sufuria ya kantini yake hutiwa chumvi kiasi gani, aende jikoni kabla ya mkutano ujao akamwulize mpishi.