Kampuni Kuwa Shahidi wa Nafsi Yake

Kila unapokaribia mwezi mtukufu wa Ramadhani, baadhi ya makampuni makubwa hubisha hodi misikitini kwetu. Huleta tende, mchele na mafuta, na yapo yaliyotuchimbia visima. Pamoja na msaada huja mpiga picha. Baada ya miezi kadhaa, watoto wa madrasa waliokuwa wakichota maji huonekana katika kitabu chenye karatasi za kung'aa, kiitwacho ripoti ya uwajibikaji wa kampuni kwa jamii na mazingira. Hatukatai msaada, wala hatumdhanii mtu dhana mbaya. Mwenye kutoa hushukuriwa. Lakini picha ile imekwisha kuwa ushahidi, na ni haki yetu kuuliza: ni ushahidi wa jambo gani?

Ripoti za namna hii si desturi kongwe. Mwaka 1989 meli ya mafuta Exxon Valdez ilipasuka katika bahari ya Alaska, na watu wakaanza kudai kwamba kampuni haitoshi kutangaza faida yake tu, bali ieleze pia madhara yake kwa ardhi, maji na watu. Mwaka 1997 ikaundwa huko Boston taasisi iitwayo GRI, na mwaka 2000 ikatoa mwongozo wake wa kwanza wa namna ya kuandika taarifa hizo. Makusudio yalikuwa mema. Hata hivyo, kalamu ilibaki mkononi mwa kampuni yenyewe: ndiyo inayochagua lipi lipimwe, lipi liandikwe kwa herufi kubwa, na lipi lisitajwe kabisa.

Natija yake ilionekana nchini Brazili. Kampuni ya madini ya Vale ilikuwa ikiandika katika ripoti zake kwamba mabwawa yake yote ya kuhifadhia tope la mgodi yaliyokaguliwa yamethibitishwa kuwa imara. Tarehe 25 Januari 2019, wakati wa chakula cha mchana, bwawa moja lilibomoka katika mji wa Brumadinho. Ukumbi wa chakula wa wafanyakazi ulikuwa chini ya bwawa hilo. Watu 270 waliangamia. Bwawa hilo lilikuwa na cheti cha uimara kilichotolewa mwaka 2018 na wakaguzi wa kampuni ya Kijerumani ya TÜV SÜD, ambao malipo yao yalitoka kwa Vale hiyo hiyo. Mwaka 2022 tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa iliishitaki Vale kwa kuwapotosha watu kuhusu usalama wa mabwawa, na miongoni mwa hoja zake zilikuwa zile ripoti za uwajibikaji. Mwaka 2023 Vale ilikubali kulipa dola milioni 55.9 ili kuimaliza kesi.

Na wala si Vale peke yake. Mwezi Septemba 2015 Volkswagen ilikuwa imetoka tu kutajwa kuwa kinara wa magari katika orodha mashuhuri ya makampuni yanayojali mazingira, ndipo ilipogundulika kuwa takriban magari yake milioni 11 yamewekewa programu ya kuudanganya mtambo wa kupima moshi.

Aliyesoma fiqhi hatastaajabu. Kadhi hampi mtu haki kwa dai lake tupu, wala haridhiki na shahidi mwenye maslahi katika kesi. Mkaguzi aliyeajiriwa na anayekaguliwa, akijua kwamba mwakani huenda asiitwe tena, ni shahidi wa aina hiyo hiyo hata akiwa na mihuri kumi. Ajabu ni kwamba sisi tunaopekua uadilifu wa shahidi katika ndoa ya jirani hukipokea kitabu chenye picha nzuri bila ya swali hata moja.

Kisha liko jambo la sadaka na deni. Mwenye kudaiwa hawezi kuipeleka mali sokoni akaigawa kwa mafukara, kisha akamwambia mdai wake kwamba wamemalizana. Vivyo hivyo kisima hakilipi mto uliochafuliwa, wala madawati ya shule hayawi fidia ya shamba lililotwaliwa. Katika ripoti nyingi mambo haya mawili huchanganywa makusudi: utasoma idadi ya mabati na vitabu vilivyotolewa hadi kurasa ziishe, na hutaona mstari mmoja juu ya maji yanayotoka kiwandani.

Hapa Tanzania tuna mlango ambao wengi wetu hatuujui. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, na akubaliane juu yake na halmashauri ya mahali husika. Basi mpango huo si siri ya ofisi ya kampuni. Diwani wako anapaswa kuujua. Na mwaka 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lilipoutoza mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya uchafuzi kutoka bwawa lake la tope, ilidhihirika kwamba yuko mkaguzi asiyelipwa na mwenye mgodi, na mwananchi anaweza kumpelekea malalamiko yake.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za misikiti, kabla ya kusimama mbele ya kamera, ziulize maswali machache kwa adabu. Picha hii itachapishwa wapi, na chini yake yataandikwa maneno gani? Maji yenu machafu huenda wapi, nani aliyapima, na nani aliyemlipa mpimaji? Majibu yaandikwe katika daftari la kamati, yatiwe tarehe na saini za pande zote mbili. Ripoti ya mwaka ujao itakapotoka, daftari hilo liwekwe kando yake, yasomwe yote mawili mbele ya jamaa baada ya sala ya Ijumaa.