Anayecheza Bao Peke Yake

Hapa Lupaso ipo kauli inayoniudhi: kwamba mtu anayecheza bao peke yake ama amerukwa na akili, ama anacheza na wasioonekana. Ya kwanza naicheka. Ya pili siicheki, maana sote tunajua mzee anayenong'onwa hivyo huishia wapi. Watoto hukatazwa kupita uani kwake, na siku mmoja wao akiugua, jina la mzee huyo ndilo la kwanza kutajwa.

Nami nacheza peke yangu. Msimu wa korosho ukianza, mwezi wa Oktoba, wenzangu wako mashambani wanaokota, na wengine niliozoea kushindana nao tumekwisha kuwazika. Je, bao niliache liliwe na mchwa?

Ndugu msomaji, tazama mchezo wenyewe. Mashimo ni 32, kete ni 64. Kila upande huanza na kete sita nyumbani, mbili na mbili katika mashimo mawili yanayofuata, na 22 za kunamua. Yote yako wazi. Bao si karata. Kwa hiyo mwenzako asipokuwapo, kinachokosekana ni nia yake tu, na nia hiyo huna budi kuiazima. Mimi upande wa pili humweka marehemu mjomba wangu, mtu wa pupa, asiyeweza kuona nyumba ya mwenzake imejaa asiitamani. Zamu yake ikifika nacheza kwa pupa yake, wala simpunguzii. Akinila, nimeliwa. Anayesema huku ni kujidanganya ajaribu kwanza kumtafutia ushindi mtu anayemfunga. Wengi hawaliwezi hilo hata barazani, mbele ya mashahidi, ambako kete huteleza vidoleni kwa namna ya ajabu.

Najua hapo ndipo watanishika: "Si ndiyo hayo, anacheza na marehemu!" Kukumbuka jinsi mtu alivyofikiri si kumfufua. Mwandishi wa kumbukumbu naye hukaa peke yake usiku akibishana na waliokufa, na huyo tunamwita msomi.

Ujinga huu si wa kwetu tu. Huko Marekani, mwaka 1974, ulitolewa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ambamo kila mchezaji hujitwalia mhusika na kusema kwa niaba yake; wapo wanaoucheza peke yao, dadu zikijibu badala ya wenzao. Miaka ya 1980 walizuka watu wa dini wakasema ni uchawi. Mchezo ungalipo.

Wengine hunitupia methali ya kidole kimoja kutovunja chawa. Sawa, lakini mimi sivunji chawa.

Anayenishuku na aje mchana, avute kigoda. Ila atasubiri kidogo: mjomba bado ana kete nne za kunamua, na zamu ni yake.