Kolwezi: Koki ifungwe kabla maji hayajarudi

Katika nyumba nyingi za Dilala na Manika, maji yakikatika mtu hufungua bomba kuangalia, kisha huliacha wazi. Maji hurudi usiku, watu wamelala. Mashine ya kufulia ina hatari hiyohiyo: koki yake ikiachwa wazi, presha inaporudi ghafla mpira uliochakaa unaweza kupasuka.

Bomba linalotoa lita 10 kwa dakika humwaga lita 3,600 kwa saa 6. Maji hayo yanatosha kuharibu magodoro na unga, na kulainisha ukuta wa matofali mabichi.

Ni rahisi kuilaumu REGIDESO kwa maji na SNEL kwa umeme unaosimamisha pampu. Lawama hizo zina msingi, lakini hazikaushi sakafu. Kufunga koki kila baada ya kufua, na kila maji yanapokatika, hakugharimu hata faranga moja. Mpira wenye nyufa au uvimbe ubadilishwe mapema.

Wenye nyumba nao, wanaodai garantii ya miezi kadhaa, waweke koki kuu inayofikika na tundu la kutolea maji sakafuni. Si haki mpangaji alipie hasara ya bomba asiloweza kulifunga.

Maji yakishamwagika, umeme uzimwe kwanza kwenye swichi kuu, bila kukanyaga maji. Kisha koki ifungwe, na vitu vianze kukaushwa siku hiyohiyo. Msimu wa mvua, ukungu hausubiri.