Kiwanda kilifungwa, sasa wanasifu kibanda

Nikisikia mtu wa suti akisifu Toi ati ni "ujasiriamali wa vijana", naskia hasira. Shuka pale Adams, uingie katikati ya viatu na majaketi. Utapata watu wana diploma wanakung'uta suruali zilizovaliwa Uingereza. Wamejituma, hakuna ubishi. Lakini hiyo njia walichaguliwa na nani?

Mwaka 1980 Kenya ilichukua mkopo wake wa kwanza wa marekebisho ya uchumi kutoka Benki ya Dunia. Masharti yalikuja polepole, halafu miaka ya 90 yakaja kwa mpigo: fungua soko, punguza wafanyakazi wa serikali, mgonjwa achangie hospitali, mwanafunzi achangie chuo. Mitumba ikamwagika nchini. KICOMI ya Kisumu ikafungwa, Rivatex ya Eldoret ikafilisika, mkulima wa pamba akabaki akitafuta wa kumuuzia. Ndio, wizi na usimamizi mbovu wa hapa nyumbani ulichangia sana. Lakini mgonjwa ukimng'oa dripu ghafla, usijifanye umeshangaa akifa.

Kazi za viwandani zikaisha, watu wakajitafutia vibanda. Sasa imegunduliwa ati vibanda havilipi kodi ya kutosha! "Panueni wigo wa kodi." Septemba 2018 mafuta yakawekewa VAT ya 16%, tukapiga kelele ikashuka 8%. Aprili 2021 IMF ikaidhinisha programu ya dola bilioni 2.34. Julai 2023 mafuta yakarudi 16%. Utasema mafuta si nguo. Muulize anayepanda mat alfajiri kwenda Gikomba kubeba mzigo.

Halafu 2024 wakataka hadi mkate ulipe VAT. Hiyo Juni mnaikumbuka, sihitaji kuwasimulia. Watu walikufa ndio mswada ukaondolewa.

Kinachoniuma si kukopa. Kila mtu Toi anajua deni, wengine wako kwa chama tatu. Lakini kwa chama unaambiwa masharti ukiwa umekaa hapo, na unaweza kukataa. Hii ya serikali, barua ya ahadi kwa IMF inatiwa saini na waziri wa Hazina na gavana wa Benki Kuu. Sisi tunaipata kwa tovuti, kwa Kiingereza, mambo yakishaiva. Bunge linaletewa Mswada wa Fedha, na sisi tunaitwa "kutoa maoni".

Na huko IMF kwenyewe? Marekani pekee ina zaidi ya 16% ya kura, na maamuzi makubwa yanahitaji 85%. Piga hesabu. Kenya haifiki hata 1%.

So wabunge wetu wasituambie ati "IMF ndio imesema". IMF haikuomba kura Kibra wala Dagoretti. Nyinyi mliomba. Barua ijayo isomwe bungeni, kwa Kiswahili, kabla mtu hajashika kalamu.