Upepo Uko Singida, Umeme Tunafuata Ethiopia

Machi 2025 Rais Samia alisema mikoa ya kaskazini italetewa umeme wa kununua kutoka Ethiopia, ukipitia Kenya. Sababu aliyoitoa ni kwamba umeme wetu unapotea mwingi njiani kabla ya kufika Arusha na Kilimanjaro. Mitandaoni tulicheka, tukarusha vibonzo, kesho yake tukahamia kwenye mada nyingine. Hoja yenyewe hatukuijibu.

Vijana wenzangu, tuijibu leo. Ni kweli umeme ukisafiri mbali unapotea. Hiyo ni fizikia, haina chama. Sasa jiulize: hakuna chanzo kilicho karibu kuliko Ethiopia?

Kipo Singida. Vipimo vya upepo pale Kititimo viliwahi kuonyesha wastani wa mita 9.9 kwa sekunde, na Makambako mita 8.9. Huo si upepo wa kukausha nguo tu. Na Singida kuna kituo cha kupoza umeme ambako njia mbili za kilovoti 400 zinakutana: ile inayotoka Iringa kwenda Shinyanga, na ile inayokwenda Arusha hadi Namanga na kuingia Kenya. Yaani laini ileile ya kutuletea umeme wa Ethiopia inaishia mlangoni kwa upepo wetu!

Wakenya walipata shida kinyume chake. Kule Ziwa Turkana walisimamisha mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, ikamalizika 2017, ikakaa bila kazi hadi Septemba 2018 kwa sababu laini haikuwa tayari. Serikali yao ikalipa fidia ya mabilioni. Sisi laini tunayo, mitambo hatuna. Miradi ya upepo Singida imetangazwa kwa zaidi ya miaka kumi, lakini tunachoweza kuonyesha nchini ni kamradi ka Mwenga kule Mufindi, megawati 2.4.

Watetezi wa serikali watasema Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, yatosha. Bwawa ni mali yetu sote na kazi iliyofanyika tunaiheshimu. Lakini si mnakumbuka mgao wa mwishoni mwa 2022? Mvua ziligoma, mito ikakauka, saluni na mashine za kusaga zikalala. Kuongeza bwawa kubwa hakuondoi utegemezi wa mvua. Upepo wa kanda ya kati unavuma kwa nguvu kiangazi, wakati maji yanapungua. Ukivuma, unabana maji Mtera, ukitulia, unayafungulia. Kimoja kinamsaidia mwenzake.

Hata hivyo tusishabikie mradi wowote ili mradi ni wa upepo. Mwaka 2021 mahakama iliyokaa Meru ilitamka kwamba hati za ardhi ya mradi wa Turkana zilitolewa kinyume cha utaratibu. Wafugaji walikuwa wamelalamika miaka. Mkulima wa alizeti wa Singida asije akaamka akute nguzo shambani na fidia ya kuchekesha mkononi.

Kwa hiyo msimamo wa vijana wa chama hiki uwe na mambo matatu. Zabuni iwe ya ushindani na ya wazi. Mkataba uwekwe hadharani kabla ya kusainiwa, bei ya kila uniti ionekane. Na kijiji kilichotoa ardhi kipate mgawo wa mapato kila mwaka, si fidia ya mara moja.

Kupinga tu ni rahisi. Kazi ngumu ni kumwambia mwananchi sisi tungefanya nini. Kwa hiyo mbunge au diwani yeyote akija kwenu kusifia umeme wa Ethiopia, usimzomee. Muulize swali moja: upepo wa Singida una kosa gani?