MGONJWA WA NJIANI NI WA NANI?

Wazee wetu walisema kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Ukweli wa maneno hayo hauonekani vizuri mtu anapokuwa mzima. Huonekana usiku wa manane, basi limesimama kando ya barabara, abiria mmoja amelazwa chini hasemi, na wenzake wanatazamana bila ya kujua wamwite nani. Fedha zake zimo mfukoni lakini hazimfai kitu. Jamaa zake wako ng'ambo ya bahari, na hapana mtu katika gari hilo anayejua kama ana ugonjwa wa sukari, wa moyo au wa kifafa.

Leo tunapenda kulizungumza jambo hili kwa kuitazama sehemu moja ya barabara kuu ya kati, nayo ni ile inayopita katika Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida, ambayo makao makuu yake ni mji wa Kiomboi. Pengine msomaji wetu wa Unguja au Pemba atauliza: Kiomboi inatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Jawabu ni kwamba inatuhusu sana. Barabara hiyo hutoka Dar es Salaam, ikapita Morogoro, Dodoma, Manyoni na Singida mjini, ikafika Misigiri ambako njia ya kwenda Kiomboi huchepuka. Kutoka hapo huteremka mlima wa Sekenke hadi Shelui, kisha hushika mbuga za Wembere kuelekea Igunga na Nzega. Mbele ya hapo ndiyo njia ya Mwanza, na ndiyo njia ya Rwanda, Burundi na Kongo. Wafanyabiashara wetu wanaofuata vitunguu, alizeti na asali wanaijua. Wanaijua pia watumishi, wanafunzi na wale wenye ndugu zao katika mikoa ya Ziwa.

Wapo pia watu ambao kwao gari si chombo cha kusafiria tu, bali ni nyumba. Katika nchi kama Marekani, wako wazee waliostaafu ambao huuza nyumba zao na kuishi katika magari yenye vitanda na majiko, wakizunguka nchi kwa kupenda kwao. Kwetu sisi wanaoishi hivyo ni madereva wa malori na utingo wao, na wao hawakuchagua kwa kupenda matembezi. Hulala katika vyumba vya mbele vya malori, hupika kando ya barabara, na huweza kukaa wiki nyingi bila ya kuiona milango ya nyumba zao. Mtu wa namna hii akiumwa, hana zahanati inayomjua wala jirani wa kumgongea mlango.

Tangu mwaka 2023, Serikali ilipoliondoa katazo la mabasi kusafiri usiku ambalo lilidumu tangu miaka ya 1990, jambo hili limekuwa zito zaidi. Hatulaumu uamuzi huo, kwani umewapunguzia watu hasara ya muda na ya nyumba za wageni. Lakini hapana budi kukubali kwamba abiria ambaye zamani angeugua mchana, sasa anaweza kuugua saa nane za usiku katika miteremko ya Sekenke.

Tuchukue mfano. Basi limekwisha kuuteremka mlima na kufika karibu na Shelui. Mzee mmoja kutoka Unguja, mwenye ugonjwa wa sukari, anaanza kutokwa na jasho na kusema maneno yasiyoeleweka. Dawa zake zimo katika sanduku, na sanduku limo chini ya basi pamoja na mizigo mingine. Dereva afanye nini? Arudi nyuma apande mlima kuelekea Kiomboi, iliko hospitali ya wilaya? Aendelee mbele hadi Igunga? Au asimame katika zahanati iliyo karibu, akitumaini kwamba mhudumu yupo na ataamka? Dereva huyo si daktari. Ana ratiba mkononi, tajiri wake anamsubiri, na abiria wengine wameanza kunung'unika. Mara nyingi hukata shauri la kuendelea, si kwa ubaya wa moyo, bali kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kukata shauri hilo ni kazi yake, wala aliyemfundisha namna ya kulikata.

Wataalamu wa afya ya uzazi wamekuwa wakifundisha kwa miaka mingi kwamba mama mjamzito hupotea kwa sababu ya ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kukata shauri, kuchelewa kufika hospitali, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mgonjwa wa njiani hupatwa na yote matatu, tena huongezewa la nne, nalo ni kwamba hana mwenyewe. Mgonjwa wa kijijini ana familia na mwenyekiti wa kitongoji. Mgonjwa wa njiani ni wa kila mtu, na kwa hiyo ni rahisi sana kuwa si wa mtu yeyote.

Hatusemi kwamba hakuna lililofanywa. Iramba si jangwa. Hospitali ya Kiomboi, ambayo chimbuko lake ni kazi ya wamisionari wa Kilutheri katika karne iliyopita, imewahudumia watu wa sehemu hizo kwa vizazi kadhaa. Juu yake iko hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Singida, na zaidi ya hapo ziko Benjamin Mkapa ya Dodoma na Bugando ya Mwanza. Mwaka 2010 hospitali ya Muhimbili ilifungua idara kamili ya magonjwa ya dharura. Baadaye, kwa fedha za mkopo wa mwaka 2021 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, Serikali ilijenga majengo ya wagonjwa wa dharura katika hospitali nyingi nchini. Majengo hayo ni jambo la kujivunia. Lakini jengo la dharura halimfuati mgonjwa barabarani. Ni lazima iwepo njia ya kumtoa pale alipoanguka na kumfikisha mlangoni.

Njia hiyo tunayo tayari, ila tumeipa kazi moja tu. Mpango wa m-mama, ulioanzia katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na kuenezwa nchini kuanzia mwaka 2022, hufanya kazi kwa utaratibu mwepisi. Mama mjamzito, aliyejifungua au mwenye mtoto mchanga akipatwa na hatari, hupigwa simu namba 115 bila ya malipo. Mtaalamu aliyeko katika kituo cha uratibu huuliza maswali, akapima uzito wa jambo na kuchagua hospitali ifaayo. Ikiwa gari la wagonjwa halipo karibu, humwita dereva wa eneo hilo aliyeandikishwa kabla. Dereva humfikisha mama, na malipo yake hutumwa kwa simu baada ya hospitali kuthibitisha. Kwa utaratibu huo hakuna jamaa anayezunguka kuomba gari usiku, na hakuna anayebishana juu ya fedha ya mafuta.

Tunauliza: utaratibu unaoweza kumfikia mama aliyeko kijijini, ndani kabisa ya Iramba, unashindwaje kumfikia mtu aliyelala kando ya lami? Tunashauri Wizara ya Afya na ofisi inayoshughulika na Serikali za Mitaa zianze kuupanua kwa wagonjwa wote wa dharura walioko katika barabara kuu, na Iramba ingefaa kuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo. Tunajua kwamba wako watakaosema kuwa jambo hili litagharimu fedha, na kwamba gari likimfuata dereva wa lori huenda mama mjamzito akalikosa. Hoja hiyo ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Kwa hiyo tunasema wazi kwamba madereva na magari yaongezwe, wala asinyang'anywe mama. Wenye mabasi na malori, ambao hupata riziki yao katika barabara hiyo, nao wana haki ya kuombwa mchango.

Liko pia suala la fomu ya polisi namba 3. Viongozi wamekwisha kusema mara nyingi kwamba aliyejeruhiwa atibiwe kwanza na fomu ifuate. Hata hivyo, hofu ingalipo kwa wananchi. Wengi huogopa kumbeba majeruhi wasije wakaulizwa wao walikuwa nani na walifanya nini. Tunaliomba Jeshi la Polisi, ambalo ni chombo cha Muungano, lilitangaze neno hili katika kila kituo cha barabara hiyo, ili anayemsaidia mwenzake ajue kwamba atashukuriwa na hatatiliwa shaka.

Sasa tunazigeukia Serikali zetu mbili. Afya si miongoni mwa mambo ya Muungano. Visiwani tunao Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar. Bara uko Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hatuoni ubaya wowote kila upande kuwa na mfuko wake. Lakini maradhi hayaulizi mtu ametoka upande gani. Tungependa kuona kwamba maelewano yoyote baina ya mifuko hii hayaishii katika hospitali kubwa za Dar es Salaam, bali yanafika hadi katika meza ya mapokezi ya hospitali ya wilaya kama Kiomboi. Mgonjwa wa dharura apokelewe kwa kadi yoyote aliyonayo, na mifuko ikadaiane baadaye. Haki hiyo hiyo apewe ndugu yetu wa Iramba atakayeugua Mkokotoni au Wete. Hatuwezi kudai huko tusilolitoa hapa.

Wakati tunayasubiri hayo, yako mambo yasiyohitaji bajeti kubwa. Vibao viwekwe Misigiri na Shelui, vikionyesha hospitali iliyo karibu, umbali wake na namba ya kupiga. Kila dereva na kondakta wa basi la masafa afundishwe mambo machache: kukandamiza jeraha linalovuja damu kwa kitambaa safi, kutomnyanyua ovyo aliyevunjika, kumlaza ubavu aliyezimia ambaye bado anapumua, na kutomchanja wala kumfunga kamba aliyeumwa na nyoka, bali kumtuliza asitembee na kumwahisha hospitali.

Na sisi wasafiri tunao wajibu wetu. Dawa zikae katika mkoba wa mkononi, si chini ya basi. Kila mtu awe na karatasi yenye jina lake, maradhi yake, dawa anazotumia na namba ya simu ya jamaa yake. Mwenye ugonjwa wa sukari achukue kitu kitamu, kwani sukari ikishuka naye bado ana fahamu za kumeza, vijiko vichache vya sukari vinaweza kumwokoa kabla gari halijafika popote. Amwambie na jirani yake wa kitini kwamba yeye ni mgonjwa. Hapana aibu katika kusema hivyo. Aibu ni mtu kufa kwa jambo ambalo jirani yake angeliweza kulizuia laiti angelijua.

Sisi watu wa visiwani tunajua maana ya safari kugeuka msiba. Hatujaisahau Septemba 10, 2011, ilipozama Spice Islander, wala Julai 18, 2012, ilipozama Skagit. Baada ya misiba hiyo taifa zima liliuliza nani alikuwa na wajibu gani. Mtu mmoja anayekufa kimya kimya katika kiti cha basi karibu na Sekenke hatikisi taifa, na hakuna tume inayoundwa kwa ajili yake. Lakini kwa mama yake aliyeko Micheweni au Makunduchi, msiba ni ule ule. Ndiyo maana tunataka swali la wajibu liulizwe na lijibiwe sasa, kabla ya msiba. Mgonjwa wa njiani apewe mwenyewe, kwa sheria na kwa utaratibu unaojulikana, ili aliye karibu naye ajue namba ya kupiga, na anayeipokea simu ajue kwamba mgonjwa huyo ni wake.