Diski Kubwa za Breki Ni Jambo Jema, Lakini Si la Kwanza

Siku ya Wazazi iliyopita niliwakuta wavulana watano wa Kidato cha Tatu wamechuchumaa kando ya motokaa yangu, wakichungulia ndani ya rimu za mbele. Walikuwa wakibishana. Mmoja alishikilia kwamba motokaa yenye diski kubwa za breki husimama papo hapo, hata ikienda mbio namna gani. Mwenzake alisema kwamba hizo ni fahari tu za watu wenye fedha. Waliponiona waliniamkia, kisha wakauliza, "Mwalimu, ni nani kati yetu asemaye kweli?" Niliwajibu kwamba wote wawili wamekosea, nikawaahidi kwamba nitalieleza jambo hili katika gazeti letu, maana lawahusu hata wazazi wao wanaowaleta shuleni.

Motokaa yangu ni Volkswagen Golf ya namna ya pili, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1983 na ikakoma mwaka 1992. Ilitoka kiwandani na diski za mbele zenye kipenyo cha milimita 239 na unene wa milimita 12, chuma kitupu. Lakini ndugu yake mwenye nguvu zaidi, yaani Golf GTI ya vali 16, alipewa diski za milimita 256 zenye unene wa milimita 20, tena zina njia za hewa katikati ya nyuso zake mbili. Corrado G60, ambayo ni kama binamu yao, ilipewa za milimita 280. Basi mtu mwenye gari dogo aweza kulivisha viatu vya kaka yake. Nami nilifanya hivyo: nilinunua za milimita 256.

Je, nilipata faida gani? Kwanza, nguvu ya breki hufanya kazi kama mkono wa spana. Kadiri pedi zinavyobana mbali na kitovu cha gurudumu, ndivyo zinavyozuia zaidi. Kutoka milimita 239 hadi 256 ni nyongeza ya asilimia 7 hivi. Si haba, lakini si muujiza. Faida kubwa ni ya pili, nayo ni joto. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Chukueni motokaa ya kilo 1,000 iendayo kilomita 80 kwa saa. Kwa hesabu tuliyojifunza darasani, ina nishati ya jouli 247,000 hivi, na yote hiyo lazima iishie katika chuma cha breki. Diski nene yenye njia za hewa ni kama sufuria kubwa: kwa moto ule ule huchelewa kupata joto, na njia zake za hewa huisaidia kupoa upesi.

Sasa yule mvulana wa kwanza asikilize vizuri. Kinachoisimamisha motokaa barabarani ni tairi. Ikiwa breki za zamani zaweza kuyafunga magurudumu hata tairi zikaserereka, basi diski kubwa hazitakupunguzia hata hatua moja katika kusimama mara ya kwanza. Zitakusaidia mara ya tano na ya kumi, wakati diski ndogo zimekwisha kuwaka moto. Mwenye tairi zilizokwisha meno, akinunua diski kubwa, amefunga kufuli jipya kwenye mlango mbovu.

Mimi nayajua haya kwa kitabu, lakini niliyajua zaidi kwa hofu. Mwezi mmoja baada ya kufunga diski zangu nilikuwa nikitoka Iringa kwenda Morogoro, mama yangu amekaa kando yangu. Tulipofika Kitonga, nikajisemea moyoni kwamba mtu mwenye breki kama zangu hana haja ya kwenda kama kinyonga. Nikateremka kwa gia ya nne, mguu juu ya breki kona baada ya kona. Karibu na chini nilikanyaga, na pedali ikaenda hadi sakafuni kana kwamba nimekanyaga sifongo. Nikakanyaga tena na tena, nikaingiza gia ya tatu, kisha ya pili, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo. Mungu alisaidia, mbele yetu hapakuwa na lori. Tuliposimama pembeni mama hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mwanangu, si ulisema umetengeneza breki?" Sikuwa na jibu.

Jibu nililipata baadaye, pedali iliporudi yenyewe baada ya breki kupoa. Diski hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika mafuta ya breki, ambayo sikuyabadilisha kwa miaka mingi. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafike angalau nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakisha kunywa maji ya kutosha yaweza kuchemka kwenye nyuzi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Basi mguu wako hausukumi pedi bali waminya povu. Kosa la pili lilikuwa kichwani mwangu. Motokaa ya kilo 1,000 ikishuka mlima wa mita 300 kwenda chini, hutoa nishati ya jouli karibu milioni 3, sawa na kusimama kutoka kilomita 80 kwa saa mara 12 mfululizo. Mzigo huo ilinipasa kuigawia injini kwa gia ndogo, nami niliubebesha breki peke yake.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Diski kubwa za kiwandani ni jambo jema, na sijutii kuzinunua. Lakini zina foleni yao, nazo ni za mwisho. Kwanza tairi nzima. Pili mafuta mapya ya breki, na yabadilishwe kila miaka miwili. Tatu pedi nzuri na mipira ya breki isiyopasuka. Nne dereva ajuaye kuteremka kwa gia ile ile ambayo angepandia. Mambo hayo yote manne kwa jumla huokoa maisha zaidi kuliko diski yoyote.

Na atakayefika kwenye diski, achukue za kiwandani, tena seti kamili. Muuza spea mmoja aliniambia kwamba diski peke yake zatosha. Hazitoshi. Kwa Golf yangu ilinibidi kupata pia kalipa zake pamoja na kile chuma cha gurudumu kinachozibeba. Atakaye zile za milimita 280 atahitaji na rimu za inchi 15. Ukiona fundi anachonga kipande cha chuma kuunganisha kalipa ya gari jingine, shukuru kwa heshima uondoke. Na ukinunua zilizokwisha tumika, pima unene: diski ya milimita 20 iliyolika hadi 18 imekwisha kazi yake.

Najua wengine watasema kwamba mafuta ya breki hayaonekani, na kwamba hakuna mvulana atakayechuchumaa kando ya gari kuyastaajabia. Ni kweli. Vitu vingi vinavyotulinda havionekani, nasi hutumia fedha kwa vile vinavyoonekana. Nawasihi wanafunzi waulize nyumbani likizo hii, kwa adabu, mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Nawasihi wazazi wasikasirike wakiulizwa. Mimi niliulizwa na mama yangu kando ya barabara, na swali lile lingalinifaa zaidi kama lingeulizwa nyumbani kabla ya safari.